Kima wa usiku wa Amerika Kusini: manyoya, kromosomu na jina la mahali

Chukua kima wawili wa jenasi ya Aotus, mmoja wa bonde la mto Magdalena kaskazini mwa Kolombia, mwingine wa misitu ya Peru kusini mwa mto Amazon. Wote wana uzito wa kilo 1 hivi, macho makubwa ya kahawia, nyusi nyeupe, mistari 3 myeusi kichwani, na mkia mrefu usioweza kushika tawi. Wote hulala mchana kwenye shimo la mti na kutoka jua likizama. Hesabu kromosomu zao: wote wanaweza kuwa na 54. Hata hivyo ni spishi mbili, na anayewaandika kwa jina moja ataharibu kila kipimo kitakachofuata.

Msomaji wa pwani au wa Usambara atamkumbuka komba hapo hapo. Wanafanana kwa saa za kazi tu, si kwa ukoo. Komba ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, ndiyo maana tochi ikimmulika macho yake huwaka kama makaa. Aotus hana tabaka hilo. Yeye ni kima kamili ambaye mababu zake walikuwa wa mchana, kisha wakahamia usiku, na macho yakabidi yakue. Lakini kuna jambo moja wanaloshirikiana. Mnyama wa usiku hamtambui mwenzake kwa rangi ya manyoya kama afanyavyo mbega, kwa hiyo spishi zinaweza kuachana kwa muda mrefu sana bila sura kubadilika. Komba wa Afrika Mashariki walitenganishwa kwa kiasi kikubwa kwa kurekodi milio yao. Kwa Aotus, kazi kubwa zaidi imefanywa na hadubini.

Msafiri na mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alimkuta kima huyu mwaka 1800 alipokuwa akisafiri kwenye mto Casiquiare, Venezuela, na jina alilompa, trivirgatus, lina maana ya mwenye mistari mitatu. Kufika katikati ya karne ya 20, majina mengi mengine yalikuwa yamekunjwa ndani ya hilo moja, na karibu kila kima wa usiku kutoka Panama hadi kaskazini mwa Argentina aliitwa Aotus trivirgatus. Mwaka 1983 Philip Hershkovitz, mtaalamu wa mamalia, aliligawa kundi hilo katika spishi 9. Alizipanga katika makundi mawili: wenye shingo ya kijivu, wengi wao kaskazini mwa Amazon, na wenye shingo nyekundu au ya rangi ya machungwa, wengi wao kusini. Spishi mbili mpya alizipa majina ya watafiti wa kromosomu, Aotus nancymaae na Aotus brumbacki, na hilo linaonyesha ushahidi wake ulitoka wapi. Leo orodha inayotumika zaidi ina spishi 11. Idadi hiyo haikupatikana kwa kuongeza tu: infulatus wa Hershkovitz amerudishwa chini ya azarae, griseimembra na zonalis wametolewa chini ya lemurinus, na jorgehernandezi, nitakayemtaja mwishoni, ameongezwa.

Shingo inasema nini, na inanyamaza wapi

Nianze na ngozi kwa sababu ndicho kitu kilichopo kwa wingi katika majumba ya makumbusho. Mahali pa kutazama ni ubavuni mwa shingo, nyuma ya sikio hadi chini ya taya. Ikiwa rangi nyekundu ya kifuani inapanda hadi hapo, huyo ni wa kundi la kusini. Ikiwa inakoma kifuani na shingo ni ya kijivu au kahawia ya udongo kama mgongo, ni wa kundi la kaskazini. Tazama pia mistari ya kichwani, kama inakutana nyuma au inabaki imeachana, na mpangilio wa manyoya katikati ya mabega, kama yamejipinda au yamelala tu.

Hapo ndipo ngozi inapoishia. Ndani ya kundi la kijivu, kutenganisha griseimembra na zonalis, au brumbacki na vociferans, kwa rangi peke yake ni kubahatisha. Rangi nyekundu hufifia ngozi ikikaa kwenye mwanga kwa miongo, na ngozi ya mwaka 1900 inaweza kuonekana ya kijivu kuliko alivyokuwa mnyama mwenyewe. Ngozi zilizokaushwa juu ya moto kambini huwa na wekundu wa moshi. Mtoto ana rangi hafifu kuliko mzazi wake. Mtu anayepima rangi kwa mashine na kupata tofauti nzuri ya takwimu kati ya makundi mawili anatakiwa kuuliza kwanza kama kundi moja lilikusanywa mwaka 1912 na jingine mwaka 1975. Tofauti za namna hiyo si za wanyama, ni za makabati.

Kinachoumiza zaidi kuliko rangi ni kibandiko. Mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace, katika makala yake ya mwaka 1852 juu ya kima wa Amazon, alionyesha kwamba mito mikubwa, Amazon, Rio Negro na Madeira, ni mipaka ya spishi, na papo hapo akalalamika kwamba vibandiko vya makumbusho vilitaja mahali kwa jumla mno kiasi cha kutofaa kitu. Miaka 170 baadaye lalamiko hilo bado lina haki. Ngozi iliyoandikwa "Rio Negro" bila kutaja ukingo upi haina faida yoyote kwa swali la mpaka. Na kwa Aotus kuna kibandiko kibaya zaidi, kile cha bandari. Kabla Peru na Kolombia hazijafunga biashara ya kusafirisha kima katika miaka ya 1970, wanyama wengi walipitia Iquitos na Barranquilla. Karatasi iliyosema Barranquilla ilieleza alikopakiwa, si alikozaliwa. Mfanyabiashara mmoja angeweza kuweka katika kreti moja wanyama wa mabonde matatu.

Kromosomu: idadi kwanza, mpangilio baadaye

Hesabu za Aotus zinaanzia 46 na kufika 58, upana mkubwa kwa wanyama wanaofanana hivi. Vociferans wa Amazon ya kaskazini magharibi ana 46. Brumbacki wa mashariki mwa Kolombia ana 50. Griseimembra wa kaskazini mwa Kolombia ana 52, 53 au 54. Nancymaae ana 54. Zonalis wa Panama na Chocó, magharibi mwa Kolombia, ana 55 au 56. Lemurinus wa milimani ana 58.

Hapo mgeni huchukua kalamu na kuandika kwamba kila namba ni spishi. Ni kosa, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni griseimembra. Kromosomu 2 zikiungana kuwa 1, idadi inapungua lakini jeni zinabaki karibu zilezile. Mnyama aliyepata iliyoungana kutoka kwa baba na zisizoungana kutoka kwa mama ana 53. Anapotengeneza mbegu au yai, vipande hivyo 3 hukaa pamoja na mara nyingi hugawanyika bila hitilafu kubwa. Ndiyo maana 52, 53 na 54 zinakutwa katika bonde moja, ndani ya jamii moja. Sababu ya pili ni Aotus azarae wa Bolivia. Kwake kromosomu Y imeungana na kromosomu ya kawaida, hivyo dume ana 49 na jike ana 50. Maabara isiyoandika jinsia kwenye bomba la damu inaweza kukaa na namba hizo mbili ikadhani ina spishi mbili, kumbe ni mume na mke.

Kosa la upande wa pili ni kuona namba moja na kusema spishi ni moja. Nancymaae na griseimembra wenye 54 niliowataja mwanzo ni mfano mzuri: namba ni sawa, ila ukipaka rangi ya mistari na kupanga jozi moja moja, mikono iliyoungana, yaani vipande vya kromosomu vilivyoshikana, si ile ile. Hilo ndilo swali lenye uzito. Ikiwa jamii moja ina mkono A ulioungana na B, na nyingine ina A ulioungana na C, chotara wao atakuwa na mnyororo wa kromosomu zinazoshikana wakati wa mgawanyiko, na mnyororo huo haugawanyiki kwa usawa. Mayai na mbegu nyingi zitapungukiwa au kuzidishiwa, na mimba zitaharibika mapema. Kwa hiyo tofauti ya miungano 3 inayoshirikiana mikono ni kizuizi kikubwa kuliko tofauti ya miungano 3 iliyo mbalimbali, hata kama hesabu ya mwisho inafanana. Kwa maoni yangu hii ndiyo zawadi kubwa ambayo Aotus anampa mtu wa taksonomia, yaani wa kuainisha spishi. Kwa tumbili walio wengi, jamii zikitenganishwa na mlima hatuna namna ya kujua kama wangezaliana wakikutana. Hapa mpangilio wenyewe unatupa utabiri.

Kazi yenyewe ya maabara si ngumu, ila haina huruma. Damu mililita 1 hadi 2 kutoka mshipa wa paja inatosha, na kwa mnyama wa kilo 1 hakuna haja ya kuchukua zaidi. Bomba liwe la heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ukitumia la EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda ambayo ni sahihi kwa DNA, seli hazitaota vizuri na safari nzima imepotea. Damu ikae kwenye ubaridi wa jokofu bila kugandishwa, na ifike maabara ndani ya saa 24, au 48 ikizidi sana. Huko, nusu mililita ya damu huwekwa katika mililita 5 za lishe ya seli yenye seramu ya ndama na kiamsha cha limfosaiti (chembe nyeupe za damu) kitokanacho na maharagwe, kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa saa 72. Karibu na mwisho huongezwa kolkisini au dawa ya jamii yake ili kusimamisha seli zikiwa katikati ya kugawanyika, kisha mchanganyiko huzungushwa kwa mashine na kimiminika cha juu kumwagwa. Seli huvimbishwa kwa kloridi ya potasiamu ya 0.075 M kwa dakika 15 hadi 20, hukaushwa maji kwa methanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1, husafishwa mara 3, na kudondoshwa kwenye slaidi. Mistari hupatikana kwa kuilainisha slaidi kwa tripsini kwa muda mfupi sana na kuipaka rangi ya Giemsa, rangi ileile inayotumika kwenye zahanati zetu kutafuta vimelea vya malaria.

Matatizo hujitokeza kwa namna zinazojulikana. Kolkisini ikikaa muda mrefu, kromosomu hujikunja na kuwa fupi kama vijiti vya kiberiti, na mistari haisomeki. Uvimbishaji ukiwa mfupi, zinabaki zimeshikana. Ukizidi, seli hupasuka na kromosomu moja au mbili huelea mbali. Mtu aliyehesabu seli 3 akapata 53 anaweza kutangaza kromosomu iliyoungana, wakati ukweli ni 54 iliyopoteza moja. Hesabu seli zisizopungua 20, chukua idadi iliyojitokeza mara nyingi zaidi, na panga jozi kamili za seli 5 au zaidi. Tripsini ipimwe upya kila wiki kwa slaidi ya majaribio, kwa sababu nguvu yake hubadilika. Pale mistari inapotatanisha, njia bora ni kupaka kromosomu kwa vipande vya DNA ya binadamu vyenye rangi zinazong'aa. Kila kipande hushika mahali pake kwa kima, na mikono iliyoungana huonekana bila ubishi.

Ikiwa kambi iko siku 4 kutoka maabara, achana na damu. Kipande cha ngozi ya sikio cha milimita 2 au 3, kikitumbukizwa katika lishe yenye antibayotiki na kuwekwa mahali pa baridi, kinaweza kuvumilia siku kadhaa na bado kikaotesha seli. Ni polepole, wiki 3 au zaidi, na ukungu ndio adui. Nyoa manyoya, futa ngozi kwa alkoholi, na acha ikauke kabisa kabla ya kukata. Alkoholi ikiingia kwenye bomba inaua seli ulizozifuata.

DNA haiwezi kuachwa, wala haitoshi peke yake

Kinyesi kilichowekwa kwenye alkoholi ya asilimia 96 kinatoa DNA ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, bila kumgusa mnyama, na kwa wanyama adimu hiyo ni neema kubwa. Jeni ya saitokromu b, yenye herufi 1,140, ndiyo inayosomwa mara nyingi. Lakini zipo nakala za zamani za mitokondria zilizojipenyeza ndani ya kromosomu za kawaida, na hizo husomwa kwa makosa kama ndizo zenyewe. Dalili zake ni alama ya kukomesha protini katikati ya jeni, vilele viwili mahali pamoja kwenye chati, au tawi la ajabu lililo mbali na wenzake wote wa kituo kilekile. Damu, ambayo ina mitokondria chache kwa kila seli yenye kiini, huleta tatizo hili kuliko misuli. Dawa yake ni kukuza kipande kirefu cha maelfu ya herufi, au kusoma mitokondria yote.

Hata ikisomwa vizuri, mitokondria ni historia ya upande wa mama tu. Jamii mbili zilizotengana karibuni huwa bado zinashiriki matawi ya kale, na jike mmoja aliyevuka mto zamani anaweza kuacha mitokondria yake ng'ambo wakati jeni zake nyingine zimeyeyuka. Wakenya wanaofuatilia nyani wa Amboseli wanalijua jambo hili: nyani wa manjano na nyani wa Anubis wanachanganyika pale kwa vizazi vingi, na jina ulitoalo kwa mnyama mmoja linategemea jeni uliyotazama. Ndiyo maana leo husomwa maelfu ya vipande vya jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama.

Hapo napo kuna mtego. Programu zinazogawa spishi kwa kufuata nasaba za jeni, ukizilisha data nyingi, hugundua kila jamii iliyotengana kidogo na kuiita spishi. Jeet Sukumaran na Lacey Knowles walilionyesha hili mwaka 2017: zinatenganisha muundo wa jamii, si lazima spishi. Ukichukua sampuli kwenye vituo 2 vilivyo kilomita 600 mbali na kuacha katikati patupu, programu itakupa spishi 2 kila mara, hata kama jeni zinabadilika polepole njia nzima. Sampuli za katikati ndizo zenye thamani kuliko zote, na ndizo zinazokosekana mara nyingi kwa sababu hakuna barabara.

Kwa Aotus kuna jambo jingine la kuzingatia. Hawa huishi kwa jozi: baba, mama na watoto wao, kwa kawaida wasiozidi 6, na baba ndiye hubeba mtoto. Ukinasa wote 5 wanaotoka kwenye shimo moja, umepata familia moja tu, na takwimu zako zitasema kituo hicho ni cha pekee kwa sababu ni ndugu. Chukua dume na jike wazima wa kila shimo, na hamia shimo jingine lenye umbali wa kutosha. Ukitaka kujua mto kama mpaka, usiishie kwenye sehemu yake pana. Panda hadi chanzoni, ambako mto ni mwembamba na matawi ya miti yanagusana, hapo ndipo jamii mbili hukutana kama zinakutana. Na kumbuka kwamba mito ya Amazon huhama. Mpindo ukikatika, kipande cha msitu pamoja na kima wake hujikuta ng'ambo bila mnyama hata mmoja kulowa.

Malaria, Idete na Leticia

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya watu wa makumbusho. Mwaka 1966 ilionyeshwa huko Panama kwamba Plasmodium vivax ya binadamu humwambukiza Aotus, na mwaka 1967 ikaonyeshwa kwa falciparum, malaria ileile kali inayotuua Afrika. Tangu hapo Aotus akawa mnyama mkuu wa kupimia dawa na chanjo. Na matokeo yakaanza kutofautiana kati ya maabara na maabara. Kima wa kaskazini mwa Kolombia walipata vimelea vingi na kufa upesi, wakati wa Peru au Panama mara nyingi walihimili aina ileile ya kimelea, au ililazimu watolewe bandama ndipo ugonjwa ushike. Karatasi zote zilisema Aotus trivirgatus. Ni watu wa kromosomu waliofumbua fumbo hilo, na ndipo makundi ya kuzalishia yakaanza kupangwa kwa kariotipu, yaani idadi na mpangilio wa kromosomu.

Uzi huu unafika Tanzania. SPf66, chanjo iliyotengenezwa Kolombia na Manuel Elkin Patarroyo na kupimwa kwanza kwa Aotus, ilijaribiwa kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 5 katika kijiji cha Idete, bonde la Kilombero, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Majaribio ya Gambia na Thailand yaliyofuata hayakuona kinga hiyo, na chanjo haikuendelea. Sisemi chanjo ilishindwa kwa sababu ya jina la kima. Ninachosema ni kwamba mnyama huyu alisimama mwanzoni mwa njia iliyoishia kwenye mikono ya watoto wa Kilombero, na anayesimama pale lazima ajulikane ni nani.

Huko Leticia, mji wa Kolombia unaopakana na Brazili na Peru, jambo hili lilifika mahakamani. Vibali vya kunasa wanyama kwa ajili ya utafiti wa malaria vilitaja vociferans, na kati ya hoja zilizoibuka ni kwamba nancymaae nao walikuwa wakinaswa, na kwamba baadhi walivushwa kutoka nchi jirani. Spishi zote za Aotus zimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, hivyo kuvuka mpaka bila kibali ni kosa. Mwaka 2013 Consejo de Estado, mahakama ya juu ya utawala ya Kolombia, ilifuta vibali hivyo. Angalia swali lilivyo: mmoja ana shingo ya kijivu na kromosomu 46, mwingine ana shingo nyekundu na kromosomu 54. Hii ni jozi rahisi kuliko zote. Afisa mwenye picha nzuri ya shingo angeweza kuwatenganisha bandarini. Bila picha, mashimo ya miti yalifyekewa msitu unaoyazunguka ili kima wasipate pa kukimbilia, na hasara hiyo haikuandikwa kwenye kibali chochote.

Milima ya Kolombia, ambako kazi haijaisha

Mwaka 1983 kulitolewa jina jipya, Aotus hershkovitzi, kwa kima wenye kromosomu 58 wa safu ya mashariki ya milima ya Andes. Lilionekana jambo safi: namba mpya, spishi mpya. Tatizo lilikuwa jina la zamani. Lemurinus alipewa jina mwaka 1843 kwa wanyama wa nyanda za juu za Kolombia, lakini kwa miongo maabara zilikuwa zimelibandika jina hilo kwa kima wa tambarare walionunuliwa. Thomas Defler na Marta Bueno, pamoja na Jorge Hernández-Camacho, waliporudi kutazama wanyama wa milimani kwenye eneo la jina, yaani mahali jina lilikotolewa kwanza, walikuta 58. Kwa hiyo hershkovitzi alikuwa lemurinus mwenyewe, na mwaka 2001 jina hilo jipya lilifutwa. Waliokuwa wakiitwa lemurinus tambararani wakabaki na majina yao ya griseimembra na zonalis. Kromosomu zilikuwa zimehesabiwa sawasawa muda wote. Kilichokosewa ni kutouliza jina lilizaliwa wapi.

Mwaka 2007 Defler na Bueno wakaongeza Aotus jorgehernandezi, wa upande wa Quindío, mwenye kromosomu 50 ambazo mpangilio wake haulingani na 50 za brumbacki. Spishi hiyo inasimama juu ya wanyama wachache mno. Naiona kuwa na hoja nzuri, kwa sababu kutoka 50 hadi 58 ya lemurinus hakuwezi kuelezwa kwa muungano mmoja kama wa griseimembra, lakini ramani yake bado ni nukta.

Kinachohitajika pale kinajulikana. Lemurinus huishi juu, kuanzia takriban mita 1,000 hadi 1,500 na kupanda hadi zaidi ya 3,000, na griseimembra huishi chini yake. Mstari wa vituo upandishwe kwenye miteremko yote miwili ya safu ya kati ya Andes, kuanzia mita 800 hadi 2,000, kituo kila mita 200, familia zisizopungua 3 kwa kila kituo, dume na jike wazima wa kila familia. Kwa kila mnyama: damu ya heparini, kipande cha ngozi ya sikio kwenye lishe, kingine kwenye alkoholi, picha ya shingo kutoka pande zote mbili yenye kadi ya rangi, na rekodi ya mlio. Kwenye kila bomba, kwa penseli na si kwa wino unaoyeyuka kwenye alkoholi: jinsia, umri kwa meno, namba ya shimo, digrii za ramani, kimo, ukingo wa mto, tarehe. Nakala ya pili ya kibandiko iingizwe ndani ya bomba, kwa sababu ya nje itabanduka kwenye barafu.